Jiko Lililoondoka na Mchanga Wake

Inspekta Laure Mbelu alifika studio ya Tata Polycarpe Lukusa saa mbili na nusu asubuhi, akavua kofia ya pikipiki, akatoa daftari na kuuliza kilichoibwa ni nini.

"Jiko," Polycarpe akasema.

"Ya makaa ao ya gesi?"

"Ya gesi iko pale, mama inspecteur. Friji pia iko. Baliiba jiko yenyewe. Kuta, dirisha, mulango, kabati. Jiko nzima."

Laure alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, na tai aliyoivaa kwa ajili ya wageni wake ilikuwa imepinda hadi chini ya sikio.

Studio yenyewe ilikuwa ghala la zamani kwenye barabara iendayo mtaa wa Kapata, mjini Kolwezi. Ndani yake Polycarpe alitengenezea matangazo ya televisheni: ya rangi, ya magodoro, ya sabuni. Kila tangazo lilijengewa chumba chake cha mbao nyepesi, kikapakwa rangi, kikapigwa picha, kisha kikafunguliwa. Wao wenyewe waliviita vyumba hivyo dekori. Dekori iliyopotea ilikuwa ya tangazo la mafuta ya kula. Kwenye meza karibu na mlango palikuwa na mfano wake mdogo wa katoni, wenye kuta tatu za manjano na dirisha dogo kama stempu.

"Siku tisa za kuijenga," Polycarpe akasema. "Benye mafuta beko njiani toka Lubumbashi. Saa munane banafika. Kama hakuna jiko, banaenda kwa Gradi, na miye nafunga mulango. Batu kumi na moya banakula hapa, mama."

"Gradi ni nani?"

"Mwenye ile studio ingine. Andika jina yake. Ni yeye."

Laure aliandika, kisha akapiga goti sakafuni.

Pale jiko liliposimama, saruji ilikuwa safi kuliko kwingine. Hapakuwa na kipande cha mbao iliyovunjika wala alama ya nyundo. Vumbi kidogo la mbao lilikuwa limedondoka pale skrubu zilipotolewa, kwenye kila kona, mahali palepale. Mtu alikuwa amefungua jiko hilo kwa bisibisi, taratibu, akianzia mlangoni. Laure alitazama juu. Taa sita kubwa za kupigia picha zilining'inia kwenye vyuma vyake.

"Taa moya na ile jiko yote, nini bei kubwa?"

"Taa moya inapita ile jiko yote."

"Na hakuchukua hata moya." Aliinuka, akapangusa magoti. "Kuta za namna hii zinasimamaje? Hazina msingi."

"Kwa nyuma tunaweka miguu ya mbao. Juu ya miguu tunapanga mifuko ya mchanga, zisianguke."

"Mifuko mingapi?"

"Kumi na mbili."

"Iko wapi?"

Polycarpe akageuka huku na huku. Alitazama hata chini ya meza.

"Nje ya hii studio kuna mchanga kila pahali," Laure akasema. "Mwizi wa mbao anapakia mbao, anaenda kuuza. Hawezi kujisumbua na mchanga wa watu. Huyu alichukua mchanga kwa sababu anataka kusimamisha ile jiko tena. Leo hii. Na pahali penye upepo."

"Si nilikuambia Gradi?"

"Gradi ana studio yenye kuta, tata. Ndani hakuna upepo."

Waliokuwa na ufunguo walikuwa watatu. Polycarpe mwenyewe, Mama Rehema, fundi wa rangi, na Hénock Kazadi, fundi mbao aliyelijenga jiko. Laure alimkuta Rehema nyuma ya ghala akiosha brashi ambazo tayari zilikuwa safi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye kilemba cha kijani na rangi ya manjano kwenye kucha. Baba yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Maniema, na yeye amezaliwa Kolwezi.

"Jambo, mama."

"Jambo, mama inspecteur. Hénock hayuko. Eko Kasaji toka juzi. Alienda kupokea mama yake, anatoka Dilolo."

Laure aliandika jibu hilo. Hakuwa bado ameuliza lolote kuhusu Hénock.

"Alikupigia simu?"

"Jana. Toka kulekule Kasaji."

"Njooni munionyeshe dekori za zamani."

Zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwenye chumba cha pembeni, moja nyuma ya nyingine, mgongoni zimeandikwa kwa chaki: Salon ya rangi. Chumba ya godoro. Duka ya sabuni. Juu ya kila moja vumbi lilikuwa limelala sawasawa, isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya zile za salon, yaani sebule, palikuwa na pengo la upana wa mkono, na sakafuni mburuzo mpya.

"Hapa kulikuwa ukuta gani?"

"Ya roze," Rehema akasema.

"Ya waridi. Mama Rehema, nisaidieni. Kamera inakaa upande moya, ndiyo maana jiko yenu ilikuwa na kuta tatu. Sasa mwizi alikuja, alibeba zile tatu, halafu alitafuta ya ine. Mutu gani anahitaji kuta ine?"

"Mi sijue."

"Mutu mwenye anataka mwingine aingie ndani, ageuke, aangalie pande zote."

Rehema alikunja kitambaa chake cha kufutia brashi, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama kiberiti.

"Utamufunga?" akauliza.

"Nani?"

Rehema akarudi kwenye brashi zake.

Hata hivyo Laure alikwenda kwa Gradi, kwa sababu jina likishaandikwa kwenye malalamiko lazima lipitiwe. Na uani kwa Gradi, zikiwa zimeegemezwa mbele ya macho ya kila mtu, zilikuwepo kuta tatu za manjano.

Gradi alitoka ndani na chapati mkononi. Alikuwa kijana mnene mwenye miwani.

"Ni yangu!" akasema kabla hajasalimiwa. "Benye mafuta balinipigia juzi. Balisema, kama ya Polycarpe haitabapendeza, niwe tayari."

Laure aligusa ukuta wa kwanza. Kidole kikarudi na manjano. Rangi ya Rehema ilikuwa imepakwa siku nne zilizopita, imeshakauka. Akaenda nyuma: mbao mpya, hazijawahi kutobolewa kwa skrubu hata moja.

"Na kwa nini manjano?"

"Mama, batu ya mafuta bote banapenda manjano. Mi nifanye nini?"

Alifuta jina la Gradi kwa mstari mmoja na kuwasha pikipiki.

Jiko la kuta nne halibebwi kwa baiskeli. Mtu aliyezoea kupakia dekori za studio alikuwa Amadi, mwenye kamyoneti ya bluu aliyoiegesha kila asubuhi karibu na soko kuu. Laure alimkuta amelala kwenye kiti cha mbele, miguu nje ya dirisha. Kabla ya kumwamsha alizunguka nyuma. Sakafu ya gari ilikuwa imefagiliwa. Lakini kwenye pembe, pale ambapo ufagio haufiki, palibaki mchanga, na ndani ya mchanga magamba madogo ya manjano.

"Tata Amadi."

"Naam!" Akaketi, akagonga kichwa.

"Leo asubui ulibeba nini?"

"Leo? Mi niko hapa toka..." Aliuona uso wa Laure, na nyuma ya Laure akauona mlango wa gari lake ukiwa wazi. "Bitu ya studio," akasema.

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Jua ilikuwa inatoka."

"Nani alikutuma?"

"Hénock. Alisema ni tangazo ya inje, banapigia picha kule Kapata."

"Hénock eko Kasaji."

"Kasaji?" Amadi akacheka. "Alikaa hapa pembeni yangu, amekumbatia dirisha kama mutoto. Kila shimo ya barabara: pole pole, Amadi, pole pole."

"Na mu studio, nani alimusaidia kufungua zile kuta?"

Amadi akaacha kucheka. Alifikiri kidogo, akajikuna kidevu.

"Hiyo sikuona," akasema. "Nilikuwa naangalia mbele."

"Saa yote?"

"Saa yote, mama. Mi niko dereva."

Laure hakumsukuma. Alimwambia awashe gari na amfuate.

Kapata ilianza na safu za nyumba za kampuni ya mgodi, zote za kimo kimoja, kila moja na ua wake. Laure alikua kwenye safu ya tatu. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Amadi alimpungia mkono aendelee mpaka nyumba za kampuni zikaisha na malupango mapya yakaanza, viwanja vya watu vilivyofungwa kwa matofali mawili matatu na nia njema. Kwenye lupango la mwisho palikuwa na msingi wa nyumba uliojengwa miaka mingi iliyopita na haujaendelea, majani yameota kwenye nyufa. Na kwenye kona moja ya msingi huo, chini ya mabati mawili yaliyoshikwa kwa kamba, lilisimama jiko la manjano.

Laure aligonga mlangoni. Ukuta mzima ukatikisika.

"Ingia tu," ikasema sauti ya mwanamke.

Ndani, juu ya kigoda, alikaa mama mmoja mzee mwenye vitenge viwili vipya na vumbi la safari bado kwenye nyusi. Mbele yake palikuwa na mfuko wa samaki wakavu. Hénock Kazadi, mwanaume wa miaka thelathini na tano, alikuwa amesimama ameshika kikombe cha chai. Alipoona kofia ya polisi, aligeuka kwa ghafla, na chai ikamwagikia viatu.

Yule mama alimtazama Laure toka chini mpaka juu, uso ukang'aa.

"Weye njo muke yake?"

"Hapana, mama. Mi niko polisi."

"Ah." Uso ukazimika. "Basi polisi, ingia pia. Kaa. Labda weye utaniambia bale batoto beko wapi."

"Batoto gani, mama?"

"Bajukuu yangu. Babili. Mwanaume na mwanamuke."

Laure alimgeukia Hénock. Hénock alikuwa anaitazama sakafu.

Jina lake mama huyo lilikuwa Mushiya, na alikuwa na kibanda cha samaki Dilolo, karibu na mpaka. Alieleza mambo kwa mpangilio, kama mtu aliyeyasimulia mara nyingi njiani. Kwa miaka mitatu mwanawe alimtumia picha za nyumba anayoijenga Kolwezi. Hénock kwenye salon yenye ukuta wa waridi. Hénock pembeni ya kitanda kikubwa. Mama aliwaonyesha wanawake wote wa soko. Halafu mwezi uliopita, kwa jirani, aliwasha televisheni.

"Naona salon ya mutoto wangu," akasema. "Ukuta ileile. Ndani muko mwanamuke muzuri, na batoto babili, banapaka rangi, banacheka. Nikalia mu nyumba ya batu. Nikasema, kumbe Hénock alioa, anazala, haniambii! Alikasirika na miye juu ya nini? Nikafunga kibanda. Nikapanda kamyo."

Alifungua mfuko mwingine mdogo, akatoa gauni dogo moja na suruali ndogo moja, vya kutoka Angola, bado na karatasi zake. Akaviweka juu ya magoti.

"Nilimupigia toka Kasaji. Nikamuuliza, ile ukuta ya roze iko karibu na jiko? Akasema, iko karibu. Basi." Akauonyesha kwa kidevu, kweli ulikuwa karibu, ndio uliofunga jiko upande wa nne. "Nimefika saa ine. Nikaegemea ukuta, ikarudi nyuma. Nikafungua kabati nitoe sahani, sahani bamezichora. Na toka nimekaa hapa, mama polisi, ile wingu ya kwenye dirisha haijatembea."

Hapo Hénock alipiga magoti mbele ya mama yake.

Hakujitetea. Alisema picha ya kwanza ilikuwa mchezo tu. Alipigwa picha siku walipomaliza kuijenga ile salon, akaituma bila maneno. Mama ndiye aliyeuliza, hii ni nyumba yako? Na sauti yake kwenye simu ilikuwa na furaha kiasi kwamba Hénock alijibu ndiyo. Baada ya hapo kila wiki mama aliuliza, jiko je? Jiko iko wapi? Msingi huu aliuweka kweli, kwa mikono yake, halafu kazi ikawa nyingi, na kila chumba alichokijenga kilikuwa cha watu wengine.

"Nilitaka uione siku moya tu," akasema. "Halafu ningeirudisha mbele ya saa munane."

"Na ile mwanamuke?"

"Balimuleta toka Lubumbashi. Sijue hata jina yake. Batoto ni ya mutu mwingine."

Mama Mushiya aliipindua ile suruali ndogo, akaivuta mshono kama anayeipima nguvu. Nje Amadi alizima injini.

"Hii kabati," mama akasema, "ni nani alitengeneza?"

"Ni miye."

"Na hii mulango?"

"Ni miye, mama."

"Na ile salon bote baliona mu televizyo? Na kitanda?"

"Hata kitanda."

"Dilolo nzima wanaangalia kazi ya mikono yako," mama akasema, sauti ikapanda, "na weye unanitumia uongo! Ungeniambia tu: mama, ni miye nimetengeneza ile. Ningelia bilebile. Mupumbafu!" Akampiga begani kwa ile suruali, mara mbili, kisha akamvutia kichwa kifuani akakishika hapo.

Laure alitazama saa yake. Ilikuwa tano na dakika ishirini.

"Hénock," akasema, "inafunguliwa kwa muda gani?"

Hénock akafuta uso kwa kiganja. "Kama tuko babili, saa moya."

"Tuko batatu. Anzia mulango."

Walifungua ukuta kwa ukuta, kwa utaratibu uleule wa asubuhi. Amadi alipakia mchanga. Laure alishika vibao huku Hénock akitoa skrubu na kuzipanga kwenye kopo. Mama Mushiya alikataa kuachwa. Alikaa mbele, kati ya dereva na mlango, na samaki wake mapajani.

Saa saba kasoro robo waliingia studio. Polycarpe aliliona dirisha lake likishuka garini, akapiga ishara ya msalaba; kisha akamwona anayelishusha.

"Weye? Hénock? Nilikupa ufunguo kama mutoto wangu! Mama inspecteur, mufunge. Mufunge sasa hivi!"

Mama Mushiya alishuka taratibu, akavuta kitenge, akaenda mpaka mbele yake.

"Jambo, tata. Mi njo mama yake. Kama munafunga mutu, munifunge miye. Miaka tatu mi njo nilikuwa namusumbua juu ya jiko."

Polycarpe alimtazama Laure, akamtazama mama tena. Rehema alikuwa amekuja na makopo yake ya rangi na kusimama pembeni ya Hénock, karibu sana, kama anayesubiri kuchukuliwa pamoja naye.

"Na nani alimusaidia?" Polycarpe akauliza.

"Dereva anasema alikuwa anaangalia mbele," Laure akajibu. "Tata, nasikiliza. Malalamiko ni yenu. Mukisema niyapeleke parquet kwa mwendesha mashtaka, nayapeleka leo. Lakini huyu ndiye anajua skrubu gani inaingia wapi, na benye mafuta wamebakisha saa moya na robo."

Polycarpe aliivuta ile tai mpaka ikarudi katikati. Alinyoosha kiganja. Hénock akatoa ufunguo mfukoni, akauweka pale.

"Huu ufunguo, mwaka moya huushiki," Polycarpe akasema. "Hata nikilala hapa mi mwenyewe. Simamisha jiko yangu." Kisha, kwa sauti ya chini, kwa mama: "Mama, mulikula?"

Saa nane na dakika kumi, wageni wa mafuta walipoingia, Rehema alikuwa anafuta tone la mwisho la manjano penye mkwaruzo, na Mama Mushiya alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkurugenzi na sahani ya bukari, ule ugali wa huko, na sombe ya majani ya muhogo. Alitazama taa sita zikiwashwa moja moja. Zote zikawaka, na kuta zikaonekana kama nyumba ya watu. Hapo ndipo alipomgusa mkono mtu aliyekuwa karibu naye, ambaye hakuwa anamjua, akamwambia: "Ni mutoto wangu."

Laure alirudi Kapata siku iliyofuata, mchana, na karatasi ambayo Hénock alitakiwa kuitia sahihi: malalamiko yameondolewa, mali imerudi yote. Aliwakuta kwenye ule msingi. Majani ya kwenye nyufa yalikuwa yameshang'olewa na kurundikwa pembeni. Rehema alikuwa amechora ramani kwenye kipande cha katoni, na Mama Mushiya alikuwa anaikataa.

"Jiko kubwa ya nini? Punguza. Nitakaa mwezi moya, nataka nione matofali kabla sijarudi. Na mulango iangalie huku, nione nani anakuja."

Hénock alitia sahihi akiwa amechuchumaa, karatasi juu ya goti.

"Mama polisi," Mama Mushiya akaita, "huna kazi? Shika hii."

Ilikuwa ncha ya kamba ya kupimia jiko jipya, pembeni ya msingi. Laure aliweka daftari chini juu ya tofali, akaishika, akarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka mama aliponyanyua mkono na kamba ikakaza. Hénock akapigilia kigingi cha kwanza ardhini.